Visa ya ulinzi ikikataliwa Australia: hatua za kwenda mahakamani

Ndugu zangu, baadhi yetu hapa Mwanza tuna mtoto au mdogo wetu kule Australia anayesubiri visa ya ulinzi, ile ya mtu anayeogopa kuteswa akirudishwa kwao. Baraza la Mapitio ya Kiutawala, chombo kinachopitia upya uamuzi wa serikali wa kukataa visa, likimkatalia, simu ya kwanza anapiga nyumbani. Ikipigwa, usiishie kumpa pole.

Kwanza, tarehe. Siku za kufungua maombi mahakamani ni 35, zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi wa Baraza, si siku aliyofungua barua pepe. Mpwa wangu alihesabu kuanzia alipoisoma. Nikamwambia anitumie picha ya ukurasa wa kwanza, nikaitazama nimesimama Mwaloni Kirumba, wapagazi wa dagaa wakinipigia kelele nipishe njia. Zilibaki siku 4, yeye anaamini ana 13.

Pili, aelewe anachokwenda kuomba, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mahakama haisikilizi upya mateso yake wala haitoi visa. Wauza sato mtanielewa: mkaguzi wa vipimo akija sokoni haulizi samaki wako ni mtamu kiasi gani, anakagua mizani. Je, Baraza liliruka hoja aliyoitoa? Lilitumia sheria isivyo? Lilimnyima nafasi ya kujibu taarifa iliyotumika dhidi yake? Kusema "hawakuniamini" hakutoshi. Achukue kalamu, asome uamuzi aya kwa aya, aulinganishe na maelezo aliyowasilisha. Tuseme alieleza hofu mbili, ya siasa na ya dini, na uamuzi ukazungumzia siasa peke yake: aandike namba za aya, ampelekee wakili hivyo hivyo.

Tatu, fomu ya maombi na hati ya kiapo, pamoja na nakala ya uamuzi, vinafunguliwa Mahakama ya Shirikisho ya Mzunguko na Familia, Divisheni ya 2. Mjibu maombi wa kwanza, yaani anayeshtakiwa, ni Waziri wa uhamiaji. Ada ipo, mwenye hali ngumu anaweza kuomba apunguziwe.

Nne, visa ya mpito, yaani ruhusa ya muda ya kukaa kule wakati kesi inaendelea. Asidhani kesi peke yake inamlinda. Aiombe kabla ile aliyonayo haijaisha, na asome masharti yake kuhusu kazi.

MASWALI YA WANAKUNDI

Mama wa Igoma: Siku 35 zimeshapita. Ndiyo basi tena?
Hapana, dada. Aombe kuongezewa muda, aeleze kwa maandishi kwa nini alichelewa na kwa nini haki inadai asikilizwe. Jaji ataangalia pia uzito wa hoja zake. Asikae hata siku moja zaidi.

Kaka wa Nyegezi: Akishinda anapewa visa?
Shauri linarudi Barazani kuamuliwa upya, na anaweza kukataliwa tena. Akishindwa, kwa kawaida anaamriwa kulipa gharama za Waziri, na si fedha ndogo. Akitaka kukata rufaa kwenda Mahakama ya Shirikisho, ni ndani ya siku 28.

Binti wa Igogo: Nimtumie barua mpya ya mwenyekiti wa mtaa kuhusu vitisho?
Itunze, mdogo wangu. Mahakama kwa kawaida haipokei ushahidi mpya wa kisa chenyewe, ila itamfaa shauri likirudi Barazani. Na mwenyekiti aandike alichokiona tu.

Mzee wa Nyakato: Nimpigie saa ngapi?
Sydney wametutangulia saa 7, majira yao ya joto saa 8. Mpigie alfajiri, baba. Ukisubiri chai ya saa nne, ofisi za kule zimeshafungwa.