Kisu Kwanza, Maji Baadaye: Kunywesha Grini Wakati wa Kiangazi

Kijana akiletwa kwangu kufundishwa kazi ya kutunza uwanja wa gofu, siku ya kwanza hashiki mpira wa maji. Nampa kisu.

Ni kisu cha jikoni tu, kirefu kama kiganja. Alfajiri, piga magoti katikati ya grini, yaani ile nyasi fupi laini inayozunguka shimo, kichome mpaka kwenye mpini, ukate kipande chembamba kama slesi ya mkate. Kitoe ukitazame. Mizizi imeshuka mpaka wapi? Finya udongo wa chini kwa vidole. Ukishikana na kuacha unyevu kwenye ngozi, usifungue koki, hata kama juu pamekauka. Ukimwagika kama unga, leo ni siku ya maji. Rudisha kipande mahali pake, ukikanyage taratibu.

Somo hili nililipia. Katika klabu moja hapa Kiambu niliyofanyia kazi zamani, kamati ilitaka grini zote zinyweshwe kila jioni, mvua au jua. Rangi ilipendeza kwelikweli. Lakini mizizi haikupita pingili ya kwanza ya kidole; ishuke kutafuta nini, na maji yanaletwa mlangoni? Nyasi zililala zimelowa usiku kucha, kuvu ikaingia, grini ya shimo la saba ikajaa mabaka. Tukapiga dawa, tukapiga tena. Na mwezi huo wa Februari, kina mama wa ng'ambo ya ua walikuwa wakipanga mitungi tangu saa kumi usiku, ilhali vinyunyizio vyetu vilizunguka kila jioni. Sijasahau ile foleni.

Kwa hiyo piga hesabu. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Grini ya mita za mraba 500 ukiipa milimita 5, umemwaga lita 2,500. Grini zote 18 za uwanja ni lita 45,000 kwa asubuhi moja, na feawei, ile njia pana ya nyasi ya kuelekea grini, bado hujaigusa. Ujue vinyunyizio vyako vinatoa kiasi gani: tawanya makopo matupu ya ukubwa mmoja juu ya grini, fungua maji dakika 10, kisha pima kila kopo kwa rula. Kopo moja likiwa na maji tele na la pili limelowa chini tu, kuna tundu limeziba. Lizibue kwanza.

Ukinywesha, nywesha alfajiri, maji yazame hadi chini ya mizizi, halafu uache mpaka kisu kikuambie tena. Saa nane mchana pita ukitazama nyayo zako: nyasi isiyoinuka baada ya kukanyagwa, na iliyogeuka rangi ya kijivu, ina kiu. Mara nyingi ni kipande kidogo tu, labda karibu na mkaratusi. Kimwagilie hicho peke yake kwa mpira wa mkono.

Umande nao upigwe kila asubuhi. Chukua mwanzi mrefu, uupitishe juu ya grini kushoto na kulia. Majani hukauka mapema na kuvu hukosa pa kushika.

Feawei iache. Nyasi ya kikuyu ni ya nyanda za juu huku kwetu. Watu wameipeleka mbali, hata uwanja wa Riviera kule Los Angeles feawei zake ni za nyasi hii. Ikigeuka kahawia imelala tu, masika itaamka. Wachezaji wakilalamika, waambie mpira hubingirika mbali zaidi kwenye nyasi kavu. Walioko Pwani, ambako visima vingi vina chumvi, watafute nyasi ya paspalamu, ambayo asili yake ni ufukweni.

Mbolea usiimwage mawingu yakiwa yamejikusanya. Mvua huisomba hadi bwawani, ikalisha mwani na magugumaji. Mimi huacha ukingo wa mita 5 bila kukata wala kutia chochote. Siku hizi nikiwa nimepiga magoti na kisu nasikia vyura.

Weka daftari: tarehe, namba ya grini, urefu wa mizizi. Shimo la saba la hapa nilipo sasa lilianza na sentimita 3. Jumatatu iliyopita nilipima 11.