Namna ya kupima kama mitishamba ya Kichina inapunguza joto la kukoma hedhi

Mwanamke aliyekaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na ambaye anataka kujaribu mitishamba ya Kichina ili kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, aanze kuhesabu kabla ya kumeza chochote. Kwa wiki mbili aandike daftarini kila siku joto limempanda mara ngapi, kwa ukali gani, na ameamka mara ngapi usiku. Asiruke hatua hii, kwa sababu katika majaribio ya kitabibu hata waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote wameonekana kupata nafuu kubwa.

Hapa Dar es Salaam majira nayo hudanganya. Anayeanza dawa Februari, joto la kaskazi likiwa limekaza, kisha akajipima Julai, ataisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na kipupwe. Ni bora kipimo chote kiangukie majira mamoja, na daftari lionyeshe pia usiku ambao umeme ulikatika na feni ikasimama.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kujua kilichomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza uzito vyenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo, baada ya mmea wenye sumu kuwekwa mahali pa mwingine. Basi unga usio na lebo, hata ukisifiwa vipi Kariakoo, usinunuliwe. Na mtoa tiba aulizwe kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mzizi wa danggui, mmoja wa mitishamba hiyo ya Kichina, ulipimwa Marekani kwa wanawake 71 kwa wiki 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 hayakuonyesha kwamba unashinda kidonge kisicho na dawa. Waganga wa Kichina walijibu kwamba kwao mzizi huo hautolewi peke yake, na hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana kila mchanganyiko uandikwe kwa ukamilifu na upimwe kivyake.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiuguse danggui, kwani huzidisha hatari ya kuvuja damu. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi, dawa iachwe siku hiyo hiyo na mgonjwa aende hospitali akiwa na pakiti yake. Damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, asitafute mtishamba wa kuizuia. Daktari aichunguze kwanza.