Somo: Kibodi na mausi zisizo na waya kwenye Linux

Kibodi mpya ikigoma kuandika, wengi hukimbilia kutafuta draiva. Acha kwanza. Kibodi na mausi karibu zote hufuata kanuni moja ya USB iitwayo HID, na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inaifahamu tangu zamani. Kinachosumbua mara nyingi ni kwamba kifaa na kompyuta havijatambuana, au mawimbi yanavurugwa. Amri za hapa ni za Ubuntu na Linux Mint. Wa Fedora watumie `dnf` badala ya `apt`.

1. Jua aina yake. Kama imekuja na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, hicho ndicho risiva. Kama hakuna, ni Bluetooth. Zipo zenye vyote viwili.

2. Yenye risiva. Vuta kile kiplastiki kinachozuia betri, washa swichi ya chini, chomeka risiva. Ikiwa kimya, fungua terminali uandike:

`lsusb`

Risiva isipoonekana kwenye orodha, jaribu tundu jingine. Ikionekana lakini hakuna kinachosogea, shughulika na betri, au kibodi si ya risiva hiyo.

Mausi ikirukaruka au herufi zikipotea, tazama umechomeka wapi. USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya risiva, hasa diski ya nje ikiwa jirani. Hamishia risiva tundu la mbali, au uisogeze mezani kwa waya wa kurefusha. Waya huo umeokoa watu wengi kuliko amri yoyote ninayoijua.

3. Logitech Unifying, yaani risiva moja ya kampuni ya Logitech kwa vifaa vingi. Ina alama ndogo ya rangi ya chungwa na hubeba hadi vifaa 6. Kuviunganisha, weka programu ya Solaar:

`sudo apt install solaar`

Chomoa risiva uirudishe, fungua Solaar, chagua kuongeza kifaa kipya, kisha zima kibodi na kuiwasha.

4. Bluetooth. Shikilia batani ya kuunganishia mpaka taa ipepese. Mipangilio ya kawaida ikishindwa:

`bluetoothctl`
`power on`
`scan on`
`pair AA:BB:CC:DD:EE:FF`
`trust AA:BB:CC:DD:EE:FF`
`connect AA:BB:CC:DD:EE:FF`

Badala ya AA:BB:CC:DD:EE:FF weka anwani ya kifaa chako, itakayojitokeza baada ya `scan on`. Zikitokea tarakimu 6, ziandike kwa kibodi hiyo hiyo ubonyeze Enter. `trust` usiiruke, bila hiyo, ukizima na kuwasha kompyuta huenda kibodi isirudi yenyewe. `power on` ikikataa, toka kwa `exit` ujaribu `rfkill unblock bluetooth`.

MASWALI

Mkuu, shukrani kwa somo. Nimenunua kibodi ya mtumba, haina risiva. Nifanyeje?
Kama ina alama ya Unifying, tafuta risiva yoyote ya Unifying uziunganishe kwa Solaar. Zile seti za bei rahisi huunganishwa kiwandani, risiva ikipotea ndiyo basi. Siku nyingine usilipe kabla hujaiona risiva.

Nina Windows na Linux mashine moja. Mausi ya Bluetooth inanisahau kila nikihama.
Kila mfumo hutunza ufunguo wake wa siri wa kuunganisha, ila mausi inaona anwani ya kompyuta moja tu, kwa hiyo ufunguo mpya unafuta wa zamani. Kama mausi ina chaneli kadhaa, ya kwanza ipe Windows, ya pili Linux. Ya risiva haina kero hii, maana ufunguo huo unakaa ndani ya risiva yenyewe.

Kaka, diski yangu ina nywila wakati wa kuwasha, na kibodi ya Bluetooth haiandiki pale.
Wakati huo Bluetooth bado haijaamka. Risiva itafanya kazi, kompyuta inaiona kama kibodi ya USB ya kawaida. La sivyo, weka ya waya karibu.

Hizi risiva si zinadukuliwa?
Mwaka 2016 lilitangazwa pengo la usalama lililoitwa MouseJack, lililogusa kampuni kadhaa. Logitech walitoa marekebisho. Kusasisha programu ya ndani ya risiva, endesha `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr update`, na usichomoe risiva kabla haijamaliza.