Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunga Kamba na Mnyororo wa Nanga

Kamba iwe ya nailoni, ya misokoto mitatu, na iwe mpya. Nailoni huvutika, na kwa hiyo hupunguza mshtuko ambao mnyororo uliokazwa na wimbi ungeupeleka moja kwa moja kwenye chombo. Polipropilini huelea na huharibiwa na jua; iache. Kama chombo kina winchi ya kuvutia nanga, soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji, kwa sababu gurudumu lake limechongwa kwa ukubwa maalumu wa mnyororo na unene maalumu wa kamba.

Usifunge fundo. Fundo huweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, tena hukwama kwenye gurudumu la winchi, ilhali kamba iliyosukwa vizuri, yaani misokoto yake ikafumuliwa, ikapitishwa kwenye pete ya mnyororo na kurudishwa kati ya misokoto ya kamba yenyewe, hupoteza sehemu ndogo tu.

Pitisha kidole ndani ya pete ya mwisho ya mnyororo. Ukigusa kutu au tone la zinki lenye ncha, ikate pete hiyo na utumie inayofuata. Kabla ya kufumua misokoto, funga uzi imara mahali unapotaka ufumuaji ukomee. Ncha ukizichoma kwa moto, hakikisha donge linalobaki ni dogo na laini, maana nailoni iliyoyeyuka ikiganda huwa na makali. Nailoni huteleza, kwa hiyo kila msokoto upite chini ya mwenzake si chini ya mara 5, kisha upunguze unene hatua kwa hatua ili maungio yapite kwenye winchi bila kukwama.

Hayo yote ukiyatimiza, bado hujalifikia jambo linalopuuzwa kuliko yote, nalo ni mkunjo, pale kamba inapoizunguka pete ya mwisho. Nimeshuhudia mashua ikikatikiwa na amari, yaani kamba ya nanga, usiku, upepo ukiwa umegeuka na kuvuma kuelekea pwani. Mwenyewe alikuwa ametoa mnyororo wote na kamba kidogo tu, hivyo maungio yalikuwa yamekaa juu ya kapi la omo, yaani la sehemu ya mbele ya chombo, na kila wimbi lilipokiinua chombo, pete ilisaga palepale. Mashua ilitupwa mwambani ikapasuka ubavu; watu walitoka salama kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Kulipopambazuka tulikitazama kipande cha kamba kilichobaki. Usukaji ulikuwa mzima, kila msokoto mahali pake, kazi ya fundi anayejua anachofanya. Kilichokatika ni mkunjo wenyewe: upande wa nje nyuzi zilikuwa bado nyeupe na laini, lakini upande uliokuwa ukigusa chuma zilikuwa zimekakamaa kwa chumvi na kutu, na zilivunjika mkononi.

Kwa hiyo usiukague mkunjo kwa kuutazama tu. Kabla ya kila msimu, ingiza kijiti kilichochongoka, uutanue, uutazame upande wa ndani. Ukikuta nyuzi zimekatika, zimekakamaa au zimeshika kutu, kata na usuke upya; utapoteza kamba isiyofika mita moja. Unapotia nanga, toa kamba ya kutosha ili maungio yazame majini, mbali na kapi, na jumla ya kamba na mnyororo iwe walau mara 7 ya kina cha maji yakijaa, ukihesabu pia urefu wa omo kutoka usawa wa maji. Ukirudi, osha maungio kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uyaanike, kwani kamba inayolala juu ya mnyororo uliolowa haikauki.

Ncha ya mwisho ya kamba ifungwe kwenye chombo kwa kigwe kinachoweza kukatwa haraka, na kisu kiwe karibu. Vidole na nguo pana viwe mbali na winchi inapozunguka. Watoto wasikae omo nanga inaposhushwa, wala mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kamba ya nailoni iliyokazwa, kwa sababu ikikatika hurudi kwa kasi.