Kubadili membreni ya RO nyumbani, na kwanini uipime kabla hujaitupa

Wakuu, mashine za RO, hizi za kuchuja maji ya kunywa nyumbani, zimekuwa nyingi sana Mwanza sahivi. Buswelu, Nyegezi, Kisesa, Buhongwa, ukiingia jikoni unakuta chini ya sinki kuna ile mitungi mitatu myeupe na katenki pembeni. Shida inaanza siku maji yamepungua kasi au yamebadilika ladha, fundi anakuja anakwambia moja kwa moja membreni (ule utando unaochuja chumvi) imekufa nunua nyingine, anaweka, anachukua hela yake anaondoka, na baada ya miezi michache mko palepale. Membreni nzuri inatakiwa ikupe miaka 2 mpaka 3, ikitunzwa hata zaidi ya hapo. Ikifa mapema ujue kuna kitu kimeiua, na hicho kitu bado kimo kwenye mashine kinaisubiri ile mpya. Kwahiyo ntaeleza namna ya kubadili, ila nusu ya kazi ni kujua ya zamani imeuliwa na nini.

Anza na presha. Membreni inafanya kazi kwa maji kusukumwa yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo kupita kiasi, chumvi inabaki upande mmoja, maji safi yanatokea upande wa pili, na chini ya kama 40 psi (kipimo cha presha) hupati kitu cha maana. Sasa nyumba zetu nyingi, hasa za milimani, maji ya mgao yanaingia kwenye simtanki alafu ndo yanashuka ndani, na kila mita 10 za kimo zinakupa kama 14 psi tu, yaani simtanki lililo kwenye mnara wa mita 6 linakupa 8 au 9 psi. Ndo maana mashine inakuja na pampu ndogo ya umeme. Pampu ikichoka, au adapta yake ikiungua siku umeme umerudi kwa fujo, maji yanatoka tone tone na lawama zote zinaiangukia membreni. Shika pampu kwa mkono mashine ikiwa inafanya kazi, isikie kama inatetemeka, na kama una geji ya presha iunganishe upime kabisa.

Alafu fungua mtungi wa kwanza uangalie filta ya matope, ile nyeupe. Kama imekuwa rangi ya udongo au imeota ukijani, badilisha hiyo kwanza ndo upime tena, maana filta ikiziba hata pampu nzima haina cha kusukuma.

Tenki nalo lina kesi yake. Kama maji yanatoka kwa nguvu sekunde chache alafu yanakata ghafla, hapo membreni usiiguse, ni upepo wa tenki umeisha. Funga maji ya kuingia, fungulia bomba mpaka tenki liwe tupu, chini au ubavuni utakuta valvu ileile ya tairi la gari, pima kwa geji ya matairi. Tenki likiwa tupu linatakiwa kusoma 7 mpaka 8 psi, pampu ya baiskeli inatosha kuongezea, jaza kidogo kidogo. Ila ukibonyeza ile valvu yakatoka maji badala ya upepo basi mpira wa ndani umepasuka, nunua tenki.

Vyote hivyo vikiwa sawa ndo tunaipima membreni yenyewe, na vipimo ni viwili, chumvi na kasi.

Kwa chumvi unahitaji mita ya TDS, yaani ya kupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, ile ndogo ya kuchovya, na ukiwa na RO nyumbani bila mita unabahatisha tu. Acha mashine itembee dakika kama 5 kwanza kwasababu maji ya mwanzo baada ya kulala huwa yanasoma juu. Pima maji yanayoingia, pima yanayotoka, toa, gawanya kwa yale ya kuingia, zidisha kwa 100. Ukipata 90 kwenda juu iko vizuri, ikishuka chini ya 80 imekwisha. Naomba mzingatie hii hesabu kwasababu hapa kwetu watu wanadanganyika sana na namba ya mwisho peke yake. Maji ya ziwa yana chumvi ndogo sana kiasili, mita mara nyingi inasoma chini ya 100. Mtu anachovya kwenye maji ya RO anaona 15 anafurahi, kumbe ya kuingia ni 75, hiyo ni asilimia 80, membreni iko ukingoni. Mwenye kisima yeye anaona 60 anaanza kutafuta fundi wakati ya kuingia ni 900, hiyo ni asilimia 93 na hana tatizo lolote.

Na hapa niseme ninachoamini, kama unatumia maji ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) tu, ambayo ni ya ziwa na yameshatibiwa, RO sio lazima, filta ya kawaida na kuchemsha inakutosha. RO inalipa kwenye visima vya chumvi, na zaidi kwenye visima vyenye floraidi kama vya upande wa Shinyanga, maana inaondoa sehemu kubwa ya floraidi ambayo kuchemsha hakuigusi. Ila mita ya TDS haioni floraidi wala vijidudu, inaona jumla ya chumvi tu, kwahiyo mwenye kisima peleka sampuli maabara ya maji ya Wizara, ipo hapa hapa Mwanza, kiwango cha juu cha floraidi cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kipimo cha kasi ni chupa ya maji ya nusu lita na simu yako. Funga valvu ya tenki, fungua bomba la RO, subiri yatulie, kinga chupa. Membreni ya galoni 75 kwa siku ni kama lita 284, kwahiyo kwa dakika ni karibu mililita 200, chupa inajaa kwa dakika mbili na nusu hivi kama presha ni nzuri. Viwango hivi vinapimwa kwa maji ya nyuzi 25 na maji yetu hayako mbali na hapo. Ikichukua dakika 5 au 6 na presha iko sawa, imeziba.

Sasa unganisha vipimo viwili na utamjua muuaji. Kasi imeshuka na chumvi imepanda au imebaki palepale, hiyo imeziba, ama kwa magamba ya kisima ama kwa utelezi. Kasi imepanda kuliko zamani na chumvi nayo imepanda, hiyo imeliwa na klorini, utando umetoboka na maji yanapita bila kuchujwa. Hii ya pili watu wa mjini hawaitarajii kabisa, wanaona maji mengi wanadhani mambo mazuri. Klorini inawekwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu na ni jambo jema, lakini utando wa membreni hizi ni wa poliamaidi na hauvumilii klorini, kinachoulinda ni filta ya kaboni peke yake. Kaboni ikishachoka inaonekana ileile kwa macho, ndo maana inabadilishwa kwa kalenda, miezi 6 mpaka 12, sio kwa kuiangalia. Ukibadili membreni ukaacha kaboni ya zamani umetupa hela.

Kwenye kununua, membreni nyingi za nyumbani zina urefu wa kama sentimita 30, utaona 1812 au 2012 imeandikwa kwenye lebo, nenda na ya zamani mkononi au ipige picha. Usikimbilie galoni 100 kama yako ilikuwa 75 bila kuangalia kile kidude kidogo kinachobana maji kwenye paipu la maji machafu, yale yanayobeba chumvi iliyochujwa kwenda nje. Kimeandikwa namba, mara nyingi 300 kwa galoni 75 na 420 au 450 kwa galoni 100, vinatakiwa viendane, kikibana kupita kiasi chumvi inajazana ndani na membreni inaziba upesi. Nunua pamoja na kaboni, filta ya matope, na grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula. Vaseline usipake, mafuta ya aina ile yanavimbisha na kuharibu baadhi ya mipira ya kuzuia kuvuja.

Kazi yenyewe sasa. Funga maji ya kuingia, chomoa umeme, funga valvu ya tenki, fungua bomba la RO presha iishe. Weka beseni na tambara. Hausingi ya membreni ni ule mtungi mrefu uliolala juu, upande mmoja una paipu moja na ndo wenye mfuniko, upande wa pili una mbili, safi na chafu. Zipige picha zote kwa simu kabla hujagusa kitu. Paipu la upande wa mfuniko linatoka kwa kubonyeza kale kapete kuelekea ndani alafu unavuta, usivute bila kubonyeza. Mfuniko ufungue kwa spana ya plastiki iliyokuja na mashine, spana ya chuma ya mabomba itapasua hausingi.

Ndani utaona kikonyo cha plastiki katikati. Kishike kwa plaizi, zungusha kidogo kushoto kulia huku unavuta, inatoka. Iangalie kwenye mwanga. Nilifungua moja Buswelu ya nyumba ya kisima, ilitoka nzito, na ukipitisha kucha ubavuni vinadondoka vigamba vyeupe vigumu. Nyingine ya Luchelele, wanaovuta maji moja kwa moja ziwani kwa pampu yao, ilikuwa na ute wa kijani kahawia unaoteleza na harufu ya matope, mipira yote inateleza mkononi. Huyu wa pili hana klorini hata kidogo kwenye maji yake kwahiyo vijidudu vinajijengea makazi juu ya utando, na dawa yake ni kuyatibu maji kwenye simtanki kabla hayajafika kwenye mashine, akiweka klorini kaboni itaizuia isifike kwenye membreni.

Kabla ya kuweka mpya, mulika tochi mpaka mwisho wa hausingi, kule kwenye kitundu cha katikati. Membreni ina oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) mbili ndogo kwenye kijibomba cha mbele na mara nyingine moja inachomoka inabaki kule. Ukiiacha, mpya haitakaa vizuri, maji machafu yatachanganyika na safi na utasema umeuziwa membreni feki. Osha hausingi kwa sabuni ya vyombo na suuza vizuri. Wengine wanaua vijidudu kwa Jik, sawa, ila filta na membreni zikiwa nje kabisa, na usuuze mpaka harufu iishe.

Filta mpya za mbele zifunge kabla ya membreni, washa maji na pampu huku lile paipu la kuingia kwenye membreni likiwa ndani ya ndoo. Maji yatatoka meusi ya vumbi la kaboni, acha mpaka yawe meupe kabisa, alafu zima tena umeme na maji.

Nawa mikono, kata mfuko wa membreni, shika upande wenye mpira mpana. Lowesha zile oringi mbili kwa maji safi. Upande wa oringi unaingia kwanza, ule mpira mpana unabaki upande wa mfuniko. Sukuma kwa kidole gumba ukizungusha, utasikia inagoma kidogo alafu inazama, hapo ndo oringi zimeingia kwenye kitundu. Usiposikia hivyo haijafika. Paka grisi kidogo oringi ya mfuniko, funga kwa mkono mpaka mwisho, malizia kwa spana kidogo tu, rudisha paipu uisukume mpaka igote.

Fungua maji, washa, tenki libaki limefungwa na bomba la RO wazi. Pitisha tishu kavu kila kiungo uone kama kuna kinachovuja. Maji ya saa ya kwanza mwaga, alafu fungua tenki lijae na hilo tenki la kwanza ulimwage lote pia, membreni inahifadhiwa na dawa kiwandani na dawa hiyo itoke. Baada ya hapo pima upya chumvi na kasi, andika namba zote mbili na tarehe kwa maka peni kwenye hausingi, ndo utakazolinganisha mwakani.

Tenki likishajaa, bomba la maji machafu linatakiwa kukoma lenyewe. Kama linaendelea kutiririka, funga maji ya kuingia ukiacha valvu ya tenki wazi. Yakiendelea kutoka, ni valvu ya kuzuia maji yasirudi, iko ndani ya ile kona ya plastiki kwenye tundu la maji safi, bei yake ndogo, badilisha. Yakikoma, basi tatizo ni ile valvu inayojifunga tenki likijaa, na kwa mashine yenye pampu angalia pia swichi yake ya presha. Hili lisipuuzwe na mtu anayelipia maji kwa uniti, usiku mzima yanaenda bure.

Yale machafu ya kawaida ya mashine kinga kwenye ndoo, ya bomba ni masafi tu, deki, fulia, mwagilia mchicha. Ya kisima cha chumvi yaishie kwenye deki na choo, kwenye mboga usipeleke.