Jinsi ya Kuandaa Siku ya Redio ya Uingereza ya Mwaka 1948

Ukitaka kuwaonjesha wageni wako redio ya Uingereza baada ya vita, chagua siku ya kazi ya majira ya baridi ya mwaka 1948 na ufuate Light Programme, idhaa ya burudani ambayo BBC iliifungua tarehe 29 Julai 1945. Muda mfupi baada ya saa 3:00 asubuhi, piga santuri zilizoombwa na akina mama wa nyumbani, kama ilivyokuwa katika Housewives' Choice.

Kisha ifuate nusu saa ya Music While You Work, na hapa usifanye haraka. Kwa kuwa kipindi hicho kilianzishwa mwaka 1940 ili kuwachangamsha wafanyakazi viwandani, unganisha nyimbo za bendi mfululizo, zenye mwendo mchangamfu na sauti isiyopanda wala kushuka ghafla, maana ala zinazopigwa kwa sauti ya chini mno zingemezwa na kelele za mashine. Alasiri, rudia muziki wa namna hiyo.

Saa 12:45 jioni, waombe wote wanyamaze kwa robo saa ya Dick Barton, mchezo wa kijasusi uliopendwa mno na watoto, halafu acha bendi ya dansi ipige.