Somo: Kuupiga picha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Wengi hurudi kutoka Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, na picha za ukuta wa kijivu na mbingu nyeupe, kisha wanalaumu kamera. Mara nyingi kosa ni saa waliyofika. Basi tuanze na jua.

Hatua ya kwanza: tafuta kibla. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo mihirabu (kishubaka ukutani kinachoonyesha kibla) iko ukuta wa kaskazini na uwazi wake unatazama kusini. Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Mwezi Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na mihirabu hushinda kivulini: mwanga tulivu, usio na makali. Novemba hadi Januari jua limehamia kusini. Asubuhi, kwenye saa mbili na nusu, linaupitia ukuta ule kwa ubavu, na kila kitundu cha jiwe kinatupa kivuli chake. Mimi napenda Desemba, joto na yote.

Hatua ya pili: kibali na maji. Kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Halafu muulize nahodha habari za maji. Mwaka mmoja nilivuka siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bila kuuliza. Tuliporudi maji yalikuwa yamekupwa, nikatembea kwenye tope hadi magotini na mkoba wa kamera kichwani. Tangu siku hiyo nabeba mfuko wa plastiki mzito.

Hatua ya tatu: zunguka bila kupiga. Nusu saa inatosha. Ukumbi mdogo wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, na hauna paa. Ule mkubwa wa kusini, wenye kuba na matao, uliongezwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta akitawala mwaka 1331. Sehemu yake iliporomoka ikajengwa upya baadaye. Simama pale kumbi mbili zinapokutana: nyuma yako jua kali, mbele yako giza la matao. Picha yangu bora ya Kilwa niliipata hapo.

Hatua ya nne: piga. Weka kamera kwenye miguu mitatu, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11. Kamera iwe sawa kabisa. Ukiinua pua yake kidogo tu, nguzo zote zinaegemeana kama walevi. Chini ya kuba piga mara tatu: ya kawaida, ya giza, ya mwanga, uziunganishe nyumbani. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata.

Halafu sogea karibu. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Lile tumbawe laini huchongwa likiwa bichi, likitoka baharini, kisha hukauka likawa gumu. Ukiweka jicho karibu utaona vijitundu vyake vimejipanga kama sega la nyuki. Jaza fremu nzima kwa kiganja kimoja cha ukuta.

Hatua ya tano: kusafisha picha. Mimi hugeuza kuwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu majani ya kijani yanayoota kwenye nyufa huiba macho. Usiing'oe nyasi kwa mkono wala usiifute kwa programu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina simu tu. Nisiende?*
Nenda, ndugu yangu. Iegemeze simu kwenye mkoba, tumia kipima muda cha sekunde tatu, na usitumie lenzi ile pana sana. Inapinda matao ya pembeni.

*Naweza kumpandisha bibi harusi ukutani?*
Hapana, dada. Chokaa ile inamong'onyoka, na eneo lilikaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Tena ni msikiti. Msimamishe nje, upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni.

*Kaka, Husuni Kubwa kuna cha kupiga au ni vifusi?*
Kuna birika la pembe nane. Ukilipiga kutoka usawa wa macho utapata shimo. Tafuta sehemu iliyoinuka ambayo mwongozaji atakuruhusu kusimama, upige kuelekea chini, jua likiwa limeinama ili kingo zake zionekane zote nane. Mimi nimefanikiwa kuzipata saba.